Siku Taji la Babu Lilipopita Sokoni

Taji ni kofia iliyokataa kazi. Halikingi jua, halizuii mvua, na ukiinama kuchota maji linakutangulia kisimani. Nimefundisha historia miaka mingi, na sijaona kitu kingine ambacho watu wameuana kwa ajili yake huku hakiwezi hata kuficha upara.

Hadithi za wafalme zenyewe zinakiri hivyo. Mfalme anaoga mtoni, mwizi anabeba taji na joho, na mfalme akifika nyumbani walinzi wa lango lake mwenyewe wanamfukuza kwa mateke. Yaani miaka yote walikuwa wanalinda kofia. Farao naye alivaa mawili kwa mpigo, moja ndani ya jingine, kwa sababu alitawala nchi mbili. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba huo ni uroho kama ule wa mtu anayekula ugali kwa mikono miwili. Warumi walijifunga majani kichwani. Na wale askari waliomsokotea Bwana taji la miiba walikuwa wanatafuta kicheko tu, hawakujua kwamba ndilo watu wangekuja kulipigia magoti kuliko yote ya dhahabu.

Hayo yote niliyachora kwa kalamu ya rangi kwenye karatasi za manila, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa mwalimu mchanga katika shule moja ya sekondari pale Suna, upande wa Migori. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na mwalimu mkuu alikuwa ametaka kila somo liwe na meza yake ya maonyesho. Mimi nikachagua mataji. Nilikuwa nimemaliza la malkia wa Uingereza, pamoja na vito vyake vyote, wakati msichana mmoja wa kidato cha pili aliponyoosha mkono.

"Ticha, na sisi? Sisi hatukuwa na yetu?"

Nilikuwa na miaka miwili tu katika ualimu, umri ambao mtu hawezi kutamka neno "sijui".

"Tunayo," nikasema. "Siku ya wazazi mtaliona moja kwa macho yenu."

Nilisema hivyo kwa sababu babu yangu alikuwa nalo. Babu mzaa baba aliishi upande wa Ndhiwa, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka sokoni, na juu ya jiko lake, ndani kabisa ya nyasi za paa, kulikuwa na taji la manyoya ya mbuni. Manyoya meusi na meupe, yameshonwa kwenye kofia ya ngozi, kimo chake mkono mzima. Lilikaa pale juu ili moshi ufukuze wadudu, na lilishuka siku ya msiba tu. Mzee wa kwetu akifa, wanaume hukusanya mafahali, wakajipamba kwa manyoya na ngozi na majani, wakachukua mikuki na kukimbia na ng'ombe mpaka kwenye mpaka wa ukoo na kurudi, wakikemea kifo kiondoke bomani. Tunaita tero buru. Na taji la marehemu huvaliwa na mwanawe.

Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Babu alikuwa amebakiza mwana mmoja, naye ni baba yangu, na baba yangu alikuwa mzee wa kanisa.

Baba alikuwa na duka la misumari na mabati Homa Bay mjini, na kanisa lake lilikuwa la Jumamosi. Yeye taji alilolitaka lilikuwa la mbinguni, lenye nyota moja kwa kila mtu aliyemleta kwa Bwana. Alijua idadi. Zilikuwa saba, na ya nane ilikuwa na mashaka kwa sababu bwana yule alikuwa ameonekana tena kwenye pombe ya chang'aa. Krismasi iliyotangulia, babu alikuwa amemwomba jambo moja tu mbele yetu sote: siku yake ikifika, avae lile taji na akimbize ng'ombe.

"Siku hiyo nitashika Biblia," baba alimwambia. "Hayo manyoya nitayachoma."

"Wewe taji lako liko mbinguni," babu akamjibu, "na langu liko hapa juu ya moshi. Tuonyeshane sasa hivi, tuone nani atatoka mikono mitupu."

Watu walicheka, hata baba aliuma mdomo asicheke. Lakini baba alipoondoka babu hakula. Alisukuma sahani, akaniambia kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Nyakwara" (ndivyo alivyoniita, mjukuu wangu), "mimi kufa siogopi. Naogopa kuzikwa kama mgeni aliyepita tu hapa."

Nilisikia uchungu, na mimi nikisikia uchungu mdomo hunitangulia. Nikamwambia mimi mwenyewe nitalivaa.

"Wewe?" Akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Mwanamke akivaa hilo, kifo kitadhani amejipamba kwa ajili yake. Kitaleta posa."

Basi mapumziko ya katikati ya muhula nikaenda kumwazima hilo taji. Alikataa tangu alfajiri. Nilimweleza habari za Farao, hakujali. Nilimweleza habari za Warumi, akauliza kama walikuwa na ng'ombe. Nilipomtajia malkia wa Uingereza akaacha kutafuna.

"Litawekwa juu yake au chini yake?"

"Juu," nikasema. Nilikuwa sijapanga chochote.

"Panda ukalitoe."

Nikapanda kwenye ngazi ya miti, nikaingiza kichwa ndani ya masizi ya miaka arobaini. Niliposhuka macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyemenya gunia la vitunguu, machozi yananitiririka, na kila nikiyapangusa nazidi kuyasugua masizi ndani. Babu akalitia taji ndani ya gunia la sukari, lakini gunia lilikuwa fupi na manyoya yakachungulia nje kwa juu. Kisha akanipa sharti. Kitu hiki, akasema, hakitembei na porojo. Ukikibeba usimsalimie mtu, usimjibu mtu, mpaka uvuke mto Kuja. Ukivuka, ongea mpaka uchoke.

"Na wakiniuliza?"

"Inamisha kichwa upite. Wewe si ulisoma? Huwezi kunyamaza mara moja?"

Nikaondoka. Nyuma yangu nilimsikia akimwaga maji kwenye karai ili akaoge, akijiimbia.

Sasa naomba msomaji asimame nami katikati ya soko la Ndhiwa, siku yenyewe ya soko, saa nne za asubuhi. Anaona mjukuu wa mzee fulani, yule mwalimu anayejulikana kwa maneno mengi, anakuja peke yake kutoka nyumbani kwa babu yake. Macho mekundu. Machozi. Hasalimii mtu. Mama wa samaki aliyemlea kwa omena anamwita kwa jina, naye anainamisha kichwa na kupita. Na kifuani amekumbatia lile taji ambalo halishuki ila kwa jambo moja. Mwenye macho haambiwi tazama.

Mimi nilikuwa najisifu moyoni kwa jinsi nilivyoshika sharti. Niliona akina mama wakiweka mikono vichwani, nikadhani wanashangaa uzuri wa manyoya. Mzee mmoja alivua kofia nilipopita, nikaona kumbe heshima ya zamani bado ipo. Nikaingia kwenye pikapu ya kwenda upande wa Migori, na dereva akanipa kiti cha mbele bila mimi kuomba na bila kunitazama usoni. Gari lilipoanza kuondoka nikasikia ukemi nyuma yetu, sauti moja ndefu ya mwanamke, kisha nyingine, kisha soko zima. Nikasema moyoni, maskini, kuna mtu amefiwa. Nikavuta leso nikajifunika kichwa kwa ajili ya wafiwa hao.

Tulivuka Kuja. Nikashusha pumzi, nikafungua mdomo, nikamsalimu dereva kwa salamu zote nilizokuwa nazo. Akaitikia kwa wasiwasi. Ng'ambo tu ya daraja tulisimama kuchukua abiria, na mama mmoja Mkuria mfanyabiashara wa vitenge, aliyekuwa anarudi Isebania, akashuka nyuma kunyoosha miguu. Alikuja dirishani kwangu kutafuta mtu wa kumlalamikia.

"Leo sijauza hata kipande," akasema. "Soko ya Ndhiwa imekufa. Watu wote wamekimbia kilio."

"Nani amekufa?"

"Mzee moja huko ndani. Wanasema mzee mkubwa, ule ako na kofia ya manyoya."

Nilimtazama. Nikamwuliza amekufa lini.

"Saa hii hii. Maiti bado ni moto."

Sikukumbuka gunia lililokuwa mapajani mwangu. Yaani nilikumbuka, lakini vibaya. Akili yangu ilikwenda moja kwa moja hadi kwenye karai lile la maji, nikamwona babu ameanguka kando yake, dakika ile nilipotoka na taji lake langoni. Nimelitoa kabla ya wakati, na kifo kimeona mlango uko wazi. Nimemwua babu yangu kwa ajili ya meza ya maonyesho. Nikapiga ukemi uliomfanya dereva azime gari.

"Pole, mwalimu," dereva akasema, akitokwa na machozi yeye pia. "Mimi nilikuwa sijaamini vizuri. Sasa nimeamini."

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili lilikuwa limeanza kwangu, limezunguka soko zima, limevuka mto pamoja nami nyuma ya gari lilelile, na liliponirudia nilikuwa wa kwanza kulilia. Dereva aligeuza gari, abiria wote wakakubali bila kunung'unika. Mama wa vitenge alinishika bega njia nzima, akinifariji kwa Kikuria.

Simu za mkononi hazikuwepo wakati huo, lakini msiba wa kwetu hauhitaji simu. Lori moja la mawe lilikuwa limetoka sokoni kwenda Homa Bay, na utingo wake alimjua baba. Kabla sijafika Ndhiwa, baba alikuwa amekwisha kufunga duka.

Sikuthubutu kupita langoni. Bomani kulikuwa kumejaa watu, na mimi ndiye niliyebeba kielelezo cha kosa langu. Niliamua kupita chini, kwenye mashamba, nitokee nyuma ya nyumba na kulirudisha taji darini kabla mtu hajauliza. Nyuma ya nyumba kuna ua wa mnyaa, mrefu na mnene, umefunikwa na mimea inayotambaa. Nikainama nipite kwenye tundu la ua wanalopitia kuku.

Babu yangu alikuwa amechuchumaa pale. Alikuwa amejifunga shuka ya kuogea, povu la sabuni limemkaukia ndani ya masikio, na alikuwa anachungulia watu bomani kupitia majani.

Nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Nashukuru haikutoka.

"Inama," akaninong'oneza. "Unanizibia."

"Babu, si umekufa?"

"Ndivyo wanavyosema. Nilikuwa naoga, nikasikia watu wananililia. Nikasema nitatokaje na shuka mbele ya wageni? Kisha wakaanza kunisifu." Akanivuta chini kwa kifundo cha mkono. "Msikilize huyo."

Bomani jirani yetu mmoja alikuwa amesimama akilia na kutoa sifa kwa mpigo. Alisema marehemu alikuwa na mkono wazi, kwamba alimpa plau yake bila hata kuombwa mara mbili.

"Nilimwazimisha!" babu akanong'ona kwa hasira. "Misimu mitatu sasa!"

Mama mmoja mzee akasema kwamba hapakuwa na kijana aliyecheza ngoma kama yeye, wasichana wa Kanyada walikuwa wanatembea usiku kucha kuja kumtazama. Babu akatikisa kichwa taratibu. "Huyo anasema kweli," akasema. "Huyo ameokoka."

"Babu, toka uwaambie. Watu wanalia bure."

Akaacha kucheka. Aligeuka akanitazama, na chini ya lile povu niliona uso uleule wa Krismasi, wa mtu aliyesukuma sahani.

"Baba yako hajafika," akasema. "Acha afike. Nataka kuona atafanya nini."

Tukachuchumaa pamoja, mimi na marehemu, taji katikati yetu.

Baba alifika kama saa nane. Alikuwa na shati lake jeupe la dukani, peni mfukoni, na Biblia chini ya kwapa. Ukemi ukapungua mara moja, kwa sababu kila mtu alijua yaliyosemwa Krismasi. Upande mmoja walisimama watu wa kanisa lake wawili waliokuja naye, tayari na kitabu cha nyimbo. Upande wa pili vijana wa ukoo walikuwa wameleta mafahali sita, nao wanangoja. Baba alisimama katikati. Aliwatazama hawa, akawatazama wale. Mkono wa babu ulikuwa umenishika nikahisi kucha zake.

Baba akampa mmoja wa wale wawili Biblia amshikie, akaingia jikoni.

Tulisikia ngazi ikilia. Tulisikia nyasi zikifukuliwa, kitu kikianguka, kikohozi. Akakaa sana. Alipotoka shati lilikuwa jeusi mpaka kifuani, uso mweusi, na machozi yalikuwa yamechora njia mbili mashavuni. Sijui kama yalikuwa ya masizi. Mimi sikuwahi kumwona baba yangu akilia.

"Taji la baba yangu liko wapi?"

Akazunguka boma akiwatazama watu mmoja mmoja.

"Nani amechukua taji la baba?" Sauti ilimpasuka kama ya kijana anayebalehe. "Nimemtukana kwa hilo taji. Lileteni. Nani amelichukua?"

Nilitaka kusimama, Mungu ni shahidi. Babu alinikandamiza bega kwa kiwiko.

Baba akachukua mkuki uliokuwa umeegemezwa ukutani. Vijana wakapiga mbinja. Wale wawili wa kanisa wakaanza wimbo, mmoja akauacha, wa pili akaendelea peke yake mstari mmoja kisha naye akanyamaza. Asiyekuwa na manyoya siku ya tero buru hujifunga bwombwe, mmea ule unaotambaa, na bwombwe yote ya boma ile ilikuwa imeota kwenye ua wa mnyaa. Baba akaja mbio moja kwa moja kwetu. Akashika shina moja akalivuta, akajizungushia kichwani mara mbili. Akalivuta tena, likagoma. Akavuta kwa nguvu zake zote, kwa sababu lilikuwa limejisokota ndani ya shuka ya babu.

Babu alikuwa na sekunde moja ya kuchagua kati ya kujificha na kusitirika. Akachagua shuka. Akatoka nayo kwenye ua, ameishikilia kwa mikono miwili, akavutwa hatua tatu mpaka akasimama mbele ya mwanawe.

Yaliyofuata siwezi kuyaeleza kwa mpangilio. Bwana wa plau ndiye aliyetangulia kukimbia, hakutumia lango. Fahali mmoja aliingia jikoni. Yule mama mzee aliyesifia ngoma hakukimbia, aliketi chini akasema, "Nilijua tu," na mpaka leo sijui alijua nini. Watu wa kanisa nao walikwenda zao, na Biblia ya baba wakaenda nayo.

Baba peke yake hakusogea. Alisimama na mkuki, majani yamemning'inia mpaka mabegani.

"Baba?"

"Naam."

"Si umekufa?"

"Nani alisema?"

Hapo nikatoka kwenye tundu la kuku na gunia langu. Babu akanigeukia. "Ticha," akasema, "eleza." Nikaeleza kuanzia Farao. Nadhani nilieleza vibaya, kwa sababu baba alinikatiza nikiwa bado kwa Warumi.

"Ulikuwa hapo muda wote?" akamwuliza babu.

"Tangu kabla hujafika."

"Ukaniona, ukanyamaza?"

"Ningekukatiza vipi?" babu akasema. "Ulikuwa unaifanya vizuri."

Nilidhani baba atamchoma mkuki. Alikitupa chini kile chuma, akafunika uso kwa mikono yake myeusi, na mabega yake yakawa yanaruka, na muda mrefu tulishindwa kujua kama analia au anacheka. Babu naye hakuuliza. Alimsogelea tu, akaendelea kushikilia shuka yake kwa mkono mmoja, na ule mwingine akauweka kwenye majani kichwani mwa mwanawe, akayanyoosha mahali yalipokuwa yamekaa upande.

Watu walipohakikisha babu ana kivuli kama walio hai, walirudi mmoja mmoja. Wazee waliamua kwamba mtu aliyeliliwa hawezi kurudi hivihivi ndani ya nyumba yake. Kilio kile lazima kipate pa kuangukia. Kikaangukia kondoo dume wa babu. Tukala jioni ile yote, na bwana wa plau akala kuliko wafiwa wengine. Baba alikuwa anakata nyama akiwa bado na yale majani, amesahau, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Nilikuwa nimeketi karibu nao alipouliza, bila kuinua macho kutoka kwenye kisu:

"Sasa baba, ukifa kweli nifanye nini? Kanisani watanifukuza."

Babu alimaliza mfupa aliokuwa nao.

"Nikifa kweli sitakuwepo," akasema. "Fanya unavyotaka wewe. Leo nilikuwepo."

Kanisani hawakumfukuza, walimwondoa tu kwenye uzee wa kanisa kwa muda na kumwambia akae benchi la nyuma. Alikaa bila neno. Jumamosi ya tatu babu alitokea na koti lake la zamani, mara yake ya kwanza kuingia kanisani, akaketi kando yake kwenye benchi lilelile na kulala usingizi mzito mpaka baraka ya mwisho. Baba hakumhesabu kuwa nyota. Nilimwuliza, akasema kwamba mtu anayekoroma hahesabiwi.

Taji lilifika shuleni hatimaye, na babu alikuja nalo mwenyewe. Safari hii alimsalimu kila mtu sokoni, mkono kwa mkono, ili wahakikishe, na kwa sababu hiyo tulikosa magari mawili. Alikataa kukaa na wageni. Aliketi kando ya meza yangu siku nzima kama askari, taji lake juu kabisa, malkia chini. Mzazi mmoja akamwuliza hili lilikuwa la mfalme gani.

"Hatukuwa na mfalme," babu akamwambia. "Mimi nimelivaa mara nne. Mara zote nilikuwa nalia."

Yule mzazi alingoja aelezwe zaidi, lakini babu alikuwa ameona soda. Mimi nilitazama karatasi zangu za manila, mistari yote ile kuhusu dhahabu na utawala, na nikajua kwamba miaka miwili nilikuwa nimefundisha upande mmoja tu wa somo.

Alikufa miaka michache baadaye, kabla muongo haujaisha, usingizini, akiwa peke yake. Safari hii hakuna aliyelia mpaka tulipomgusa. Baba alimzika kwa utaratibu wa kanisa lake kuanzia mwanzo hadi mwisho: kwaya, mahubiri, suti. Hapakuwa na mafahali wala mikuki. Taji lilibaki darini, juu ya jiko lililozimwa.

Watu walinung'unika. Kaburini, udongo ulipoanza kuteremshwa, ami mmoja wa ukoo, mzee mkali wa fimbo, alishindwa kuvumilia. Akamwita baba mbele ya mchungaji na watu wote, akamwuliza ni mwana wa aina gani anayemfukia baba yake hivi, bila ng'ombe, bila taji, kama mtu aliyeokotwa barabarani.

Mimi nilimjua baba yangu. Kwa swali kama hilo huwa ana mistari ya Biblia ya saa nzima, na nilimwona mchungaji akijiandaa kumsaidia kuitafuta. Lakini baba alibaki ameegemea sepetu, kichwa wazi, jasho linamtoka, akamtazama mzee yule bila hasira yoyote.

"Hivyo vyote alishaviona kwa macho yake," akasema, akaendelea kufukia.